Uzoefu wangu: mkoba wa dharura wa dukani na mfuko wa turubai, barabara za Karamoja

Mimi huuza dawa za mifugo. Kila baada ya wiki mbili natoka Mbale na pikipiki yangu aina ya Boxer, naingia Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda: nalala Moroto, kesho yake naingia Kotido na kupanda hadi Kaabong. Wakati mwingine nafika Karenga, karibu na hifadhi ya Kidepo. Ni safari ya vumbi kiangazi na ya matope masika, na kuna vipande virefu ambavyo simu haishiki mtandao kabisa. Kwa hiyo mkoba wa dharura kwangu ni kifaa cha kazi, sawa na pampu.

Wa kwanza niliununua Kampala ukiwa umefungashwa tayari, shilingi 85,000. Ulikuwa mwekundu, mzuri wa kutazama, na mikanda miwili ya kuufunga nyuma ya kiti. Ndani mna bendeji, tochi ya kichwani, blanketi la foili, filimbi, vidonge vya kusafishia maji, mkasi na plasta. Nilisafiri nao mara tatu bila kuufungua, nikiamini nimejikinga.

Shemeji yangu anayeishi Alberta, Kanada, ndiye aliyenitia wasiwasi. Huko yeye huendesha zile pikipiki za thelujini, anakwenda nazo milimani mbali na barabara. Nilipomtumia picha ya mkoba ukiwa umefungwa kitini, akanipigia simu palepale. "Shemeji, hivyo sivyo. Vitu vya kukuokoa vaa mwilini. Ukitengana na mashine, umetengana na mkoba." Akanieleza kwamba wao hubeba vitu vitatu kwa ajili ya maporomoko ya theluji: kifaa kinachotoa mawimbi ya redio ili wenzako wakutafute ukifukiwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na koleo. Kile kifaa hufungwa kifuani chini ya koti, na koleo na fimbo hukaa kwenye begi la mgongoni, kamwe havifungwi kwenye mashine. Aliyefukiwa anahitaji kutolewa ndani ya dakika kama 15 hivi, baada ya hapo matumaini hupungua haraka sana. Nani atakuwa na muda wa kufuata koleo kwenye mashine iliyozikwa pengine?

Nilimsikiliza kwa heshima, lakini nilitii nusu tu. Nilitoa filimbi nikaivaa shingoni. Vingine nikaviacha pale pale.

Mwezi wa tano, jua likiwa kali, nilifika kwenye korongo moja kati ya Kotido na Kaabong. Maji yalikuwa ya kufunika kifundo cha mguu. Nikaingia. Katikati gurudumu la mbele likazama mchangani, pikipiki ikalala ubavu, nami nikaangukia upande maji yanakotokea. Nilipoinuka maji yalikuwa gotini, mekundu, yanavuta vijiti. Juu yangu hapakuwa na wingu hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali kabisa na pale nilipokuwa. Nilijaribu kuinua usukani mara moja, mara mbili, kisha nikaiacha. Nikatoka kwa magoti na mikono hadi kwenye mchanga wa katikati ulioinuka kidogo, nikaona mkoba wangu mwekundu ukienda na pikipiki hadi ilipokwama kwenye jiwe, hatua kama 30 chini.

Nilipiga filimbi. Mara tatu, nanyamaza, mara tatu tena. Sauti yangu nisingeisikia hata mimi mwenyewe kwa ngurumo ile, lakini filimbi ilipenya. Wakatokea vijana wawili wachunga mbuzi, na mmoja akaniita kwa Kiswahili cha jeshini: "Mzee, toka hapo! Maji ingine inakuja!" Akanionyesha kwa fimbo mahali pa kuvukia, kwenye mwamba chini ya maji ambao nisingeujua kamwe. Nilivuka. Muda mfupi baadaye ule mchanga niliosimama haukuonekana tena.

Nililala kwao, kando ya moto, nguo zikinikaukia mwilini. Nilitetemeka mpaka meno yakagongana, huku Karamoja, mahali ambapo kila mtu huongelea joto tu. Ukilowa, upepo wa usiku hauulizi unaishi nchi gani.

Asubuhi maji yalikuwa yameshuka, tukautoa mkoba. Hapo ndipo nilipoujua vizuri. Zipu ilikuwa imeingiza maji. Tochi ilikuwa imefungashwa na betri ndani. Zilikuwa zimevuja zamani, unga mweupe umekula vyuma vya kugusia, haikuwaka. Blanketi la foili nilipolikunjua likapasuka kufuata mikunjo, kama karatasi ya biskuti. Bendeji ilikuwa imepitwa na wakati miaka miwili. Na vidonge vya maji kila kimoja kilikuwa cha lita 20, yaani jerikeni nzima, ilhali msafiri ana chupa ya lita moja. Nisimlaumu muuzaji peke yake: ningeufungua siku niliyoununua, yote haya ningeyaona mezani. Ila kumuuzia mtu tochi iliyokufa kwa jina la dharura ni jambo la kuumiza.

Baada ya hapo nilikwenda kwa fundi wa Mbale anayeshona viti vya boda. Nilimwomba mfuko wa kuvaa kifuani, wa turubai la lori. Alinitoza shilingi 40,000. Mdomo wake hauna zipu. Unakunjwa mara tatu kuelekea chini kisha unafungwa na mkanda, na maji hayaingii. Niliujaribu kwa kuuzamisha kwenye beseni nikiwa nimeweka gazeti ndani. Gazeti lilitoka kavu.

Ndani naweka blanketi la foili la aina nzito, lile lililoshonwa kama gunia la kuingia, viberiti viwili vya gesi na kipande cha mpira wa tyubu, maana mpira hushika moto hata kuni zikiwa na unyevu, tochi ndogo, betri zikiwa pembeni kwenye nailoni, vidonge vya maji vya lita moja, bendeji ya kuvutika, pakiti mbili za ORS (chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini), karanga za kukaanga, na pawabanki. Simu naizima mtandao nikiingia eneo lisiloshika, kwa sababu simu inayotafuta mnara hula chaji upesi. Filimbi bado iko shingoni. Karatasi yenye namba za nyumbani na aina ya damu yangu imo kwenye nailoni ile ile.

Kasoro za mfuko huu zipo. Una joto. Mkanda wa shingoni ulinichubua safari mbili za kwanza mpaka nikauzungushia kitambaa. Pia ni mdogo, maji ya kunywa hayaenei, kwa hiyo chupa naivaa kiunoni.

Vya pikipiki vinabaki kwenye pikipiki, na hilo ni sawa: tyubu moja ya inchi 17, viraka na gundi yake, pampu ya mkono, vyuma vya kubandulia tairi, plagi, waya wa klachi, kiungo cha cheni, lita moja ya oili, na panga fupi la kukwangua udongo mweusi unaojaa chini ya madigadi hadi gurudumu lisizunguke. Ile plagi na ile oili ndizo zilizonirudisha nyumbani. Injini iliyonywa maji usiiwashe kwa pupa. Nilitoa plagi, nikapiga kiki mpaka maji yakaruka yote kwenye tundu, nikaangalia oili: ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Nikaimwaga, nikatia mpya, nikafunga plagi kavu. Iliwaka kiki ya nane.

Mkoba mwekundu sasa unakaa nyumbani na mkasi wake, ambao kwa kweli ni mkali. Shemeji nilimtumia picha ya mfuko wa kifuani. Safari hii akajibu kwa ujumbe tu: "Sasa umeuvaa." Kwa fundi nimeagiza mingine miwili, ya wale vijana wa korongoni, kila mmoja na filimbi yake. Naichukua Ijumaa kabla ya kuondoka.