Kitelezi cha kibodi nilichoambiwa ni pambo

Kibodi yenyewe nzuri, nalitanguliza hilo asije mtu akasema nina chuki nayo. Kilichonichoma ni yule kijana wa dukani, Darajani, na mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Nilimrudia baada ya Idi hivi. Nikamweleza kwa utaratibu: herufi zinaandika, sauti inapanda na kushuka, ila kile kitelezi cha katikati, cha kukuza maandishi, hakifanyi kitu. Hata kuishika kibodi hakuishika. "Mama, unatumia Linux? Basi hicho ni pambo tu. Weka Windows kama watu." Linux ni mfumo wa kuendeshea kompyuta, kama Windows ilivyo. Nikamwambia, "Mwanangu, kama ni pambo, mbona bei umenitoza ya kitu kizima?" Akageukia simu yake. Wateja wamesimama wananitazama, na mimi ni wa kumzaa yule!

Mimi riziki yangu ni kuchapa. Kadi za harusi zenye Bismillahi na aya ya 21 ya Surat Rum, kazi za wanafunzi zilizojaa maneno ya Kiarabu, barua za watu. Kutwa natoka Kiswahili naingia Kiarabu, narudi tena. Kitelezi nilikitaka kwa hilo tu: ukisukuma juu Kiarabu, ukivuta chini Kiswahili.

Sasa sikilizeni, maana najua wapo wengine walioambiwa kama mimi. Kitelezi ni kizima. Fungua terminali, lile dirisha la kuandikia amri, endesha evtest, programu inayoonyesha kila kitufe kinachobonyezwa, kwa sudo, yaani kwa ruhusa ya msimamizi. Kibodi moja huweza kuonekana kama vifaa viwili, kimoja cha herufi na kimoja cha vitufe vya ziada. Chagua hicho cha ziada. Nilipokisukuma ikatoka namba 418, nilipokivuta 419. Nilipiga ukelele peke yangu humu ndani. Kumbe kompyuta inakisikia siku zote!

Anayekizuia ni X11, mfumo unaochora madirisha kwenye skrini, uliotoka mwaka 1987. Namba zake za vitufe zinaishia 255, tena kila namba inayotoka kwenye kerneli, kiini cha Linux, huongezewa 8, kwa hiyo kinachopita 247 kinabaki nje ya mlango. Hasira zangu zikaanza kuhamia huko. Miaka yote hiyo, na kompyuta za watu wa hali ya chini, kama hii yangu kuukuu, bado zinaendeshwa nao.

Dawa ni faili dogo ndani ya folda ya /etc/udev/hwdb.d, linalokipa kitufe namba nyingine. Mstari wa kwanza unaitambulisha kibodi kwa namba ya mtengenezaji na ya bidhaa. Namba hizo amri ya lsusb inakuonyesha kwa herufi ndogo, lakini ndani ya faili zinatakiwa herufi kubwa. Zikiwa ndogo hazilingani na kitu, na hupewi hata neno moja la onyo! Hili lilistahili kuandikwa kwa wino mwekundu. Mistari inayofuata ianze na nafasi moja: KEYBOARD_KEY_c022d=prog1, ndiyo ya kusukuma, na chini yake KEYBOARD_KEY_c022e=prog2, ya kuvuta. Hao prog ni namba 148 na 149, wanapita bila shida. Kisha endesha amri ya systemd-hwdb update, halafu udevadm trigger, ili faili lisomwe. Mwisho, kwenye mipangilio ya kibodi ya XFCE, mandhari ya madirisha ninayotumia, nikakipa cha juu amri ya setxkbmap ara, ya kuleta herufi za Kiarabu, cha chini setxkbmap tz, ya Kiswahili.

Nikasukuma, nikaandika Bismillahi yote, nikavuta, nikaendelea na jina la bibi harusi. Wallahi machozi yalinilenga. Usiku ule umeme ukakatika, na uliporudi nikakuta kila kitu kiko vilevile.

Basi muinunue? Wakati natoka pale dukani ningewaambia msithubutu. Leo nasema inunueni, mikono yangu haijapata kupumzika namna hii. Ila hapana, ngojeni: kama huna wa kukukalia kwenye terminali, utalipia kitelezi usichokitumia, na hiyo ni dhuluma, kwa sababu muuzaji alikuwa na wajibu wa kusema "sijui, nitakuulizia" badala ya kunifedhehesha mbele za watu.

Dukani pale sirudi. Binti yangu anayenisaidia kuchapa naye anaitaka kama hii, na yake nitamwagizia mtu anayetoka Dubai, hata nikingoja miezi.