Programu ya kupigia hesabu za sayari na buruji: uzoefu wangu

Hesabu za programu hii ya simu, za kuonyesha sayari ziko kwenye buruji gani (zile nyota kumi na mbili za unajimu), ziko sawa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo naulizwa kila nikitoa simu pale kijiweni Sinza: "Hiyo kitu inasema kweli?" Sayari ziko wapi, inasema kweli. Habari za ndoa yako mtajuana wenyewe.

Niliipima kwa tarehe yenye jibu linalojulikana: 21 Desemba 2020, sayari za Mshtarii na Zohali zilipokaribiana hadi kwa macho zikaonekana karibu kama nyota moja. Nikachagua Dar es Salaam, ikaziweka zote mbili mwanzoni mwa buruji ya Ndoo, hazijatimiza hata digrii moja. Sawasawa kabisa. Kisha nikageuza mpangilio kuwa wa Kihindi, zote zikarudi nyuma digrii 24 hivi, zikaangukia Mbuzi. Hapo wengi watadhani imeharibika. Haijaharibika. Mpangilio wa Magharibi, ule wa kwanza, huanza kuhesabu pale jua linapovuka ikweta mwezi Machi. Wa Kihindi hufuata nyota zenyewe, na mipangilio hii miwili huachana digrii moja kila miaka 72 hivi, maana mhimili wa dunia unayumba polepole kama pia inayozunguka. Ila chaguo kubwa namna hiyo wamelificha ndani kabisa, bila neno la maelezo!

Kwetu sisi, angalieni zaidi saa ya kuzaliwa mnayoiandika. Mama akikwambia ulizaliwa saa mbili usiku, andika 20:00. Ukiandika 02:00 umekosea saa kumi na nane, au sita ukisogeza na tarehe mbele. Zohali haitajali, yenyewe huzunguka buruji zote kwa miaka 29 na ushee. Mwezi, unaotembea digrii 13 hivi kwa siku, utasogea. Buruji iliyokuwa ikichomoza mashariki ulipozaliwa ndiyo itaharibika kabisa, kwani hubadilika kila baada ya saa mbili hivi.

Haili bando, ukishaipakua inapiga hesabu hata mtandao ukikatika. Majina yote ni ya Kiingereza, kwa hiyo mzee aliyezoea Zuhura, Mirihi na Akarabu itabidi asomewe. Matangazo yapo, yanavumilika.

Sehemu ya utabiri ni ya kulipia kila mwezi. Onyesho la bure lilitosha kunionyesha maneno ambayo yangemfaa yeyote anayepanda mwendokasi asubuhi. Nimebaki na ya bure, na zile jumbe zake za alfajiri nimezizima.