Opinel namba 8 mfukoni: machungwa, katani na hewa ya chumvi ya Tanga

Mtu wa Tanga akiniuliza atembee na kisu gani cha kukunja, namwambia achukue Opinel namba 8, kisu cha Kifaransa (namba ni ukubwa wake), na kati ya aina zake mbili achukue ile ya chuma kisichoshika kutu. Ninavyo vyote viwili, hicho na cha kaboni, na nimevitumia vya kutosha kuona misimu ya machungwa ikija na kupita. Madukani kwetu sijaviona. Shemeji yangu anaishi Lyon, Ufaransa, ndiye aliyeniletea.

Naanza na chungwa kwa sababu hapo ndipo kisu kinajulikana. Kwetu chungwa la kijani la Muheza humenywa ganda la juu tu, kwa utepe mwembamba unaozunguka kutoka kwenye kikonyo hadi chini, ule weupe ukabaki umeifunika nyama. Kisha unakata kofia, unafyonza. Wauzaji wa barabarani wanatumia kisu kidogo kilicholiwa na kinoo mpaka kikabaki chembamba, na wana sababu: kisu kinene huzama kwenye weupe, hutoboa, na maji ya chungwa yanakumwagikia vidoleni kabla hujaonja. Visu vingi vya kukunja vinavyopangwa mezani sokoni vina bapa nene lililotiwa makali ukingoni tu. Vinapasua, havikati. Bapa la Opinel halifiki milimita 2 kwa unene, na linapungua taratibu kutoka mgongoni hadi kwenye makali. Nikimenya nalo, utepe unatoka mzima na weupe haujachubuka. Mjomba wangu mwenye shamba Muheza, ambaye kwake kifaa ni panga, alimenya chungwa moja, akaokota jingine, akaniuliza, "Hiki umekinoa wewe au kimekuja hivi?"

"Kimekuja hivi, mjomba."

Hakunirudishia mpaka tulipoondoka.

Ni kwenye chungwa hilo hilo ndipo cha kaboni kinapoachana na mwenzake. Chuma chake kina kaboni karibu asilimia 0.9 na hakina kinga ya kromiamu. Tindikali ya chungwa, ndimu au embe bichi ikikigusa, bapa linageuka kijivu, baadaye linaingia rangi ya buluu na madoa meusi. Weusi huo si ubovu. Ni utando unaotulia juu ya chuma na hata kukisaidia kidogo. Tatizo ni kwamba kabla utando haujakomaa, tunda linabeba ladha ya chuma, na mlaji anaisikia. Kutu yenyewe, ile ya kahawia, ni jambo jingine. Sisi tunaishi na hewa ya chumvi, na kisu cha mfukoni kinakaa karibu na jasho mchana kutwa. Kisu cha kaboni hapa kinataka kufutwa kila baada ya kazi, kikaushwe, kipakwe tone la mafuta. Nyumbani jikoni hilo linawezekana, na changu sasa kinaishi huko, karibu na kitambaa. Mfukoni natembea na kile kingine, ambacho chuma chake ni cha Kiswidi, Sandvik 12C27. Ukiwa dukani ugenini na hujui kipi ni kipi, soma bapa: kimoja kimeandikwa CARBONE, kingine INOX.

Wapenzi wa kaboni watasema chao kinanoleka upesi zaidi, na ni kweli. Vuta mara chache kwenye kinoo chenye maji, makali yamerudi, na unayasikia kwa kidole jinsi yanavyokamata. Cha INOX kinataka subira kidogo. Lakini tofauti hiyo si kubwa kiasi cha kumfanya mtu avumilie kutu mfukoni. Mimi nafanya kazi stoo, na siku nzima ni kukata selotepu za maboksi, nailoni na kamba za katani. Katani ndiyo inayokula makali. Nyuzi zake ni ngumu na zimebeba vumbi, na kisu kinachokata karatasi vizuri asubuhi unaweza kukikuta mchana kinateleza juu ya kamba. Kwa kazi hiyo nakinoa cha INOX jioni, taratibu, pembe ndogo, kisha nakisugua kwenye mkanda wa ngozi. Asubuhi kiko tayari.

Kisu hiki kina historia ya wakulima, na inaonekana katika umbo lake. Joseph Opinel alikianza mwaka 1890 huko Savoie, kwenye milima ya Alps ya Ufaransa, na mpaka leo ni mpini wa mti, bapa, msumari mmoja wa kuzungukia na noleo, yaani pete ya chuma ya shingoni mwa mpini. Ule mkono wenye taji uliogongwa kwenye bapa ni alama ya mwaka 1909: mkono wa baraka wa Yohana Mbatizaji kutoka nembo ya mji wa Saint-Jean-de-Maurienne, na taji la watawala wa Savoie.

Kitu ninachokithamini kuliko vyote ni ile pete ya kufungia, iliyoongezwa mwaka 1955. Noleo limekazwa kwenye mpini. Juu yake kuna pete ya pili yenye mwanya, inayozunguka. Ukishafungua kisu, unaizungusha pete ili mwanya uondoke kwenye njia ya bapa, na bapa haliwezi tena kukurudia vidoleni. Tangu mwaka 2000 pete hiyo inafunga pia kisu kikiwa kimekunjwa, kwa hiyo hakifunguki chenyewe mfukoni. Hakuna springi ya kuchoka. Mtu asiyejua anaweza kufungua kisu akasahau pete, kwa hiyo ukimwazima mtu, mwonyeshe kwanza. Pia kinahitaji mikono miwili kufungua. Ukiwa juu ya ngazi umeshika kamba kwa mkono mmoja, hiki si kisu chako. Mimi hilo nimelikubali, na kuna faida yake: hakifyatuki kwa mlio. Ukikitoa kwenye kundi la watu kumenya embe, mpini wa mti unawatuliza, wanaona kisu cha matunda.

Mti huo huo ndio unaotaka uangalizi. Mbao hunywa maji, na wakati wa masika mpini huvimba, ukalibana bapa. Wafaransa wenyewe wanalijua hili na wana dawa yake: zungusha pete iwe wazi, kisha gonga kitako cha mpini kwenye kitu kigumu, na bapa litachomoza kiasi cha kushikika. Usikiloweke kwenye beseni la vyombo. Usikitumie kuparua samaki ukategemea kitanuka vizuri kesho. Utelezi unaingia kwenye mfereji wa mpini na mbao inashika harufu. Kitumie, kifute, kipepee, basi. Kila baada ya muda mimi hupaka mafuta ya nazi kwenye mpini na kwenye msumari.

Na ncha yake ni nyembamba. Kung'oa misumari, kufungua kopo la rangi, kutoboa dafu, hizo si kazi zake. Kwa dafu kuna panga.

Ndugu zetu walioko ughaibuni waangalie sheria ya nchi kabla ya kukitia mfukoni. Uingereza, kisu cha kukunja chenye kufuli, au chenye makali yanayozidi inchi 3, hakitembezwi hadharani bila sababu ya msingi, na namba 8 ina kufuli na bapa la sentimita 8.5. Kwenye ndege kiweke kwenye begi la kuingia chini, kamwe si mkononi.

Kuhusu ukubwa, kwa kiganja changu namba 8 inatosha kabisa. Ikikunjwa ni kama sentimita 11, na uzito wake hausikiki mfukoni. Mwenye kiganja kidogo aangalie namba 7, au namba 6 yenye bapa la sentimita 7, ambayo bado ina ile pete. Mke wangu amechagua namba 6 ya INOX kwa ajili ya mkoba wake, na shemeji ameshaagizwa.