Taima ya jikoni ya kuzungusha kwa mkono: nyota 4, moja imeliwa na sumaku

Wadau, hii ni ripyu ya kile kidude cha jikoni cha kuhesabu dakika, kile cha kuzungusha kwa mkono, hakina betri hakina waya, kina namba 0 mpaka 60 kimezungukwa nazo na muda ukiisha kinalia kriiing. Chapa siitaji maana vinafanana sana, ukifuta jina lililoandikwa mgongoni huwezi kuvitofautisha. Na siongelei kupikia, wapishi mna mambo yenu. Naongelea kukitumia kwa kazi za nyumbani pale kazi zimekuzidi na muda hauna, umerudi umechoka, nyumba iko shaghalabaghala, una nusu saa tu kabla hujaingia kwenye jambo lingine, sasa uanzie wapi?

Kwa matumizi hayo nakisifia, ila kwa sababu tofauti na wanayoitaja wengi. Wengi wanasema kinakufanya ufanye kazi haraka. Haraka inatoka wapi jamani, mikono si ni ile ile? Kinachofanyika ni kwamba ukishaona muda una mwisho unalazimika kuchagua, upende usipende. Bila taima mtu anaanza kupanga kabati la vikombe, hiki mbele kile nyuma, anasimama anaangalia, anapanga upya, huku pipa la taka limejaa mpaka kifuniko hakifungi na nzi washapata taarifa.

Najua mtu ataniuliza kwani simu haina taima? Inayo, tena sahihi kuliko hii. Lakini kuiweka lazima ufungue simu, na ukifungua simu unakuta meseji, ukijibu meseji unakuta picha, ukishtuka zile dakika ulizotaka kuzihesabu zimeshaondoka na ufagio bado uko ukutani. Alafu simu na mikono yenye povu la sabuni haviendani. Hiki kidude hata mkono ukiwa umelowa unakizungusha, ilimradi umechagua chenye kingo za kushikia. Vile vya mviringo laini kabisa vinateleza kidoleni, viache dukani.

Kuna jambo moja wengi hawaambiwi kuhusu kukiweka. Ndani kuna springi na magurudumu ya meno, kwaiyo ukitaka dakika 5 usiishie kwenye 5 moja kwa moja, zungusha kwanza mpaka mbele huko, 20 au hata mpaka mwisho, kisha rudisha nyuma mpaka kwenye 5. Usipofanya hivyo springi inakuwa haijajikaza vizuri, matokeo yake kinaishia njiani au kinalia kwa sauti ya mgonjwa. Hata ukifanya hivyo dakika ndogo ndogo hakiko sahihi sana, usikitegemee kwa kitu cha dakika 2. Kwa dakika 15 na kuendelea kipo vizuri, kikikosea ni kidogo na kwa kufagia nani anajali sekunde.

Wazo lenyewe la kufanya kazi kwa taima ya jikoni halijaanza jana. Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi wa chuo huko Italia mwishoni mwa miaka ya 1980, alichukua taima ya jikoni yenye umbo la nyanya akawa anasomea nayo, dakika 25 za kazi 5 za kupumzika, mbinu yake ikaja kujulikana dunia nzima kwa jina la Pomodoro. Ila ile ilikuwa ya vitabu. Kwa kazi za ndani mi naona 25 ni ndefu ukiwa umechoka, na lile pumziko la dakika 5 ni mtego, ukishakaa kwenye kochi ndio basi tena. Weka 15, kikilia angalia ulipofikia, ukiwa na nguvu zungusha tena.

Sasa tuje kwenye udhaifu mkubwa wa hii kitu, ambao boksi lake halitakwambia. Taima inahesabu tu, haijui nini kianze. Ukiipa dakika 15 za kufuta vumbi juu ya kabati itakuhesabia vizuri tu mpaka mwisho, na utakuwa umemaliza dakika zako kwenye kitu ambacho kingeweza kusubiri hata mwezi. Kwaiyo kabla ya kuizungusha jiulize swali moja: kipi hapa kikiachwa mpaka kesho kitakuwa kibaya zaidi? Usiulize kipi kinaonekana kibaya. Macho yanadanganya sana kwenye hili, kochi lenye nguo safi ambazo hazijakunjwa linaonekana balaa kubwa kuliko bakuli la chakula kilichosahaulika mezani, wakati nguo hata wiki zitakaa bila madhara na lile bakuli lina saa zake. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kama joto limepita nyuzi 32 basi saa 1 tu, maana kwenye joto la kawaida la chumba kuna bakteria wanaoweza kuongezeka mara mbili ndani ya dakika 20 hivi. Kwaiyo mabaki kwenye friji ndio namba moja, kazi ya dakika mbili, hata taima usiizungushe.

Kinachofuata ni vitu vibichi. Nguo zilizofuliwa zikasahaulika kwenye mashine au kwenye beseni, taulo lililorundikwa, maji yaliyomwagika yakaingia chini ya zulia. Kitu kikikaa na unyevu saa 24 mpaka 48 kuvu inaweza kuanza, na ile harufu ikishaingia kwenye nguo utafua upya, yaani umeokoa dakika 5 za kuanika leo ukazilipa mara nne kesho. Taka zenye mabaki ya chakula nazo hazisubiri, kwenye joto nzi anaweza kutoka yai mpaka mzima ndani ya siku 7 mpaka 10, na mbu hivyo hivyo, kwaiyo ndoo iliyosahaulika na maji na kisahani cha chini ya ua vimwagwe angalau mara moja kwa wiki. Hiyo sio lazima iwe leo, lakini ina tarehe yake. Vumbi la juu ya kabati, madirisha, pasi, droo ya nyaya na funguo zisizojulikana za wapi, hivyo vyote havina tarehe. Visubiri.

Alafu kuna kazi zinazojifanya zenyewe ukizianzisha, na hapa ndipo taima inanoga kwelikweli. Sufuria iliyoungua usiikwangue, weka maji ya moto na sabuni, iache. Mashine ya kufua kama unayo, ibonyeze. Dawa ya choo mwagia uiache ikae muda ulioandikwa kwenye lebo, maana dawa nyingi za kuua vijidudu zinatakiwa zikae na unyevu dakika kadhaa, ukimwaga na kufuta palepale umefanya usafi wa macho tu. Haya matatu anza nayo, ndio uzungushe taima ufanye mengine, ikilia unarudi unakuta masizi yamelainika na choo kinasubiri brashi. Nikikwambia sufuria niliyokuwa naipigia magoti na steel wool sasa inatoka kwa kitambaa, amini. Unaona ule ukoko unavyoanza kunyanyuka pembeni wenyewe, unausukuma kwa kijiko cha mbao unatoka kama ganda.

Niingize hapa onyo maana ukiwa na haraka ndio watu wanafanya hii kitu: usichanganye dawa yenye klorini na siki, wala na dawa za choo zenye asidi, wala na chochote chenye amonia, eti kiwe na nguvu zaidi. Inatoka gesi ya sumu, na bafuni palivyo padogo hakuna pa kukimbilia. Moja kwa wakati, suuza, fungua dirisha.

Mpangilio wenyewe ndani ya zile dakika. Juu kwenda chini, kavu kabla ya maji. Ukipiga deki alafu ndio ukung'ute kochi umefanya kazi ya bure, vumbi lote linatua kwenye sakafu mbichi linakuwa tope. Na usihame na kila kitu mkononi, hapa ndio dakika zinapopotelea, unachukua kikombe sebuleni unakipeleka jikoni, ukiwa jikoni unaona kitambaa cha bafuni unakipeleka bafuni, bafuni unakuta soksi, kabla hujajua umetembea nyumba nzima na hakuna chumba kilichoisha. Chukua kapu, kila kisicho cha hapo kitupie kwenye kapu, endelea. Kapu utaligawa mwisho, na likibaki halijagawiwa ni kapu moja limesimama kona, sio vitu arobaini sakafuni.

Kama kuna wageni njiani, hapo sheria inabadilika kidogo na sioni aibu kusema. Kwa wageni yanayoonekana nayo yanahesabika. Dakika 15 ya kwanza ni choo na sinki la kunawia, kwa sababu huko mgeni anaingia peke yake na mlango unafungwa, ana muda wa kuangalia. Ya pili ni sakafu ya sebuleni na vyombo, na hata vyombo kama huwezi kuviosha vyote, vipange kwa aina na uviloweke, sinki lililopangwa linaonekana linafanyiwa kazi. Vyumba vya kulala funga milango. Yeyote atakayefungua mlango wa chumba cha kulala bila kuambiwa basi na akione alichokifuata.

Nirudi kwenye kidude chenyewe, malalamiko yangu. Cha kwanza tik tik tik. Wengine inawasukuma, wengine inawapa presha, na kama kuna mtoto kalala chumba cha pili ule mlio wa mwisho utakuletea kazi ambayo haikuwa kwenye orodha. Huwezi kuupunguza, labda ukifunike na taulo. Cha pili kinalia mara moja kwa sekunde chache basi, ukiwa unakuna na bomba limefunguliwa hukisikii. Cha tatu ni mvuke, ukikiweka karibu na jiko kila siku unyevu unaingia ndani kinaanza kusuasua. Cha nne, na hiki ndicho kilichokula nyota, ni sumaku. Vingi vimewekewa kisumaku mgongoni ili ukibandike kwenye friji, na vingi kisumaku chenyewe ni cha mapambo, ukifunga mlango wa friji kwa nguvu kinashuka polepole, kinashuka, alafu puu. Kikianguka mara kadhaa ule uso wa namba unaanza kuzunguka bila kushika na hapo ndio mwisho wake, fundi wa kuvitengeneza hayupo. Bora kile cha kusimama chenye kitako kipana.

Lingine sio kosa la taima ila lipo. Kwenye nyumba ya watu wengi anayeizungusha ndio anayejikuta anafanya kazi peke yake, wengine wanasikia tik tik kama ni redio. Dawa niliyoiona inafanya kazi ni kila mtu apewe kazi yake kabla haijazungushwa, kazi moja, iliyotajwa kwa jina, sio "nisaidieni nisaidieni". Watoto wanaipenda sana wakiigeuza mashindano, ila mashindano na kuosha glasi havipatani, wape kukusanya viatu. Na kama mtoto hajui kusoma saa, zile taima zenye duara jekundu linalopungua zinamsaidia zaidi, anaona kwa macho muda unavyoisha.

Za kidijitali zenye vitufe nazo nimezijaribu. Ni sahihi zaidi, zinalia mpaka uzizime, nyingine zinahesabu vitu viwili vitatu kwa pamoja, kwa mpishi ni bora bila ubishi. Kwa kazi za nyumbani mi bado nachagua ya kuzungusha, kwa sababu ni mkono mmoja na sekunde moja, na ukiitupia jicho kutoka upande wa pili wa chumba unaona imebaki robo bila kusoma chochote. Programu za simu za kupanga usafi, zile za kukupa pointi na rangi, nzuri kwa anayependa kupanga, ila kuna siku utajikuta umetumia nusu saa kuingiza vyumba na kuchagua vialama vya ndoo na brashi, na ndoo yenyewe haijaguswa.

Ukienda kununua, zungusha mpaka 60 usikilize kama unapanda kwa ulaini au unakwaruza, kiweke dakika 3 kwa namna niliyosema pale juu, usubiri mlio wake hapo hapo mbele ya muuzaji, asikuharakishe. Angalia namba ziwe kubwa na zimechongwa, zile za kuchapwa juu juu zinafutika na sabuni. Sumaku ijaribu kwenye chuma chochote kilichosimama, ikiteleza mbele yako nyumbani itafanya nini. Kwa anayeishi na mtoto mchanga au asiyevumilia tik tik, chukua ya vitufe. Wengine wote, nyota 4.