TAHADHARI kwa waandishi: huyu "wakala wa New York" ni tapeli, amenipiga

Wenzangu, hasa mnaobandika vipande vya riwaya na mashairi yenu Facebook: kuna mtu anajiita wakala wa vitabu wa New York, yaani mtu wa kumtafutia mwandishi mchapishaji, na ana "mwakilishi wa Afrika Mashariki" mwenye laini ya hapahapa Tanzania. Ni matapeli. Wamenipiga milioni mbili na laki tatu. Anayetaka kucheka acheke, ila asiwatumie hata mia.

Habari ya mswada wenyewe wa riwaya yangu sirudii, mmeisikia mpaka mmechoka. Wala sirudii kwa nini sikuurudisha kwa yule mchapishaji wa mwanzo, mwenzetu Mama Kulthum alikuwepo na atawasimulia vizuri kuliko mimi.

Ilikuja barua pepe ya Kiingereza. Sasa barua za mjane wa jenerali na za bahati nasibu nazijua, huwa nazifuta bila kuzifungua. Hii ilimtaja Bi Somoe, mhusika wangu wa riwaya! Ameandika kwamba pale Bi Somoe anapofukiza udi kwenye chumba ambacho halali mtu, aliacha kazi zake zote akausoma ukurasa ule upya. Akasema sura ya tatu itangulie ya pili, akatoa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa ya maana. Niambieni, tapeli gani anasoma riwaya? Nyumbani kwangu penyewe hakuna aliyeisoma. Binti yangu ndiye aliyekuja kunionyesha baadaye kwamba zile sura ziko wazi mtandaoni, na kwamba ukiilisha programu ya akili mnemba kurasa zako inakuandikia sifa za namna ile maji hayajachemka. Nimevikwa kilemba cha ukoka, tena cha mashine.

Na msidhani sikuchunguza. Nililitafuta lile jina. Mtu yupo, ni wakala wa kweli, ana ofisi, ana picha, ana waandishi wake. Aliniambia tangu Abdulrazak Gurnah apewe Nobel mwaka 2021 wachapishaji wa huko wanaulizia pwani yetu. Akasema mhariri wa New York hasomi Kiswahili, kwa hiyo lazima sura chache zitafsiriwe kwanza. Si kweli hiyo? Ni kweli tupu! Mkataba aliouleta ulisema kamisheni ni asilimia 15 kwa mauzo ya Marekani na 20 kwa nchi nyingine. Nikaenda kutafuta, nikakuta mawakala wa kweli wanachukua hivyohivyo. Ungekuwa wewe ungefanyaje?

Kisha akapiga yule mwakilishi. "Shikamoo mwalimu." Kijana mstaarabu, Kiswahili kimenyooka, haharakishi maneno. Akaniambia wakala wake hajawahi kumsifia mtu hivi. Tafsiri ya sampuli, laki nane na nusu, "itarudishwa kwenye malipo yako ya awali kutoka kwa mchapishaji, mwalimu, hii ni kutangulia tu."

Nililipa siku ya Ijumaa, nimekaa ofisi ya walimu, madaftari ya Kidato cha Pili yamenijaa mezani. Nikaingiza namba, nikaingiza kiasi, likatokea jina la mpokeaji. Jina la mwanamke, si la kampuni wala si la yule kijana. Kidole kikasimama juu ya kioo. Nikaghairi, nikampigia. Hakubabaika hata kidogo. "Huyo ni mhasibu wetu mwalimu, laini ya ofisi bado inashughulikiwa. Ila dola inapanda, kesho sijui kama bei itakuwa hii." Nikarudia muamala. Jina lilelile likaja, nikaweka namba ya siri, ujumbe ukaingia: Imethibitishwa. Nikampigia tena kumshukuru. Kumshukuru! Halafu nikawanunulia walimu wenzangu soda, nikatangaza kwamba kitabu kinakwenda Marekani. Jumatatu hii nimepita mlango wa nyuma.

Baada ya hapo ikaja laki sita ya kusajili hakimiliki huko Marekani pamoja na ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Nikatuma. Halafu ikaja ile barua yenyewe: mchapishaji amekubali, malipo ya awali dola 30,000, limebaki jambo moja tu, kodi ya zuio itangulizwe ndipo pesa itoke. Laki nane na nusu nyingine. Hela hiyo wengine mnajua ilikuwa ya nini na ilitoka wapi, na mume wangu hajui mpaka leo, kwa hiyo atakayempelekea habari hizi tutaelewana vibaya.

Walipotaka tena "ada ya benki" nikasema nipeni wiki. Tangu hapo ni tiki moja, kimya kama maji ya mtungi.

Nikaichukua ile ISBN nikaitafuta. Ni ya kitabu cha mapishi. Bi Somoe wangu, kitabu cha mapishi! Nikaandika kwenye anwani iliyo kwenye tovuti ya ile kampuni ya kweli, wakajibu kwa upole kwamba hawatozi waandishi hata senti, na si mimi wa kwanza kuwauliza. Binti akaifungua ile barua ya kwanza kwenye kompyuta, akaikuza anwani ya mtumaji. Pale penye m palikuwa na r na n zimebanana. Kwenye simu yangu, na kioo kile kilivyopasuka, nani angeona?

Mbinu hiyohiyo ya r na n aliitumia yule Mtaliano, Filippo Bernardini, aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya uchapishaji London. Aliiba miswada zaidi ya elfu moja kwa kujifanya wahariri na mawakala, akakamatwa New York Januari 2022, akakiri mwaka uliofuata. Adhabu? Alipe dola 88,000 na arudishwe kwao, jela wakaona muda aliokwisha kukaa unatosha. Ndiyo maana hawaogopi! Afadhali wale wa San Diego, ambao mwanzoni mwa 2025 waendesha mashtaka walitangaza kuwafungulia kesi wakidai wamewaliza waandishi zaidi ya 800 dola milioni 44 kwa hadithi hizihizi za wachapishaji wakubwa na filamu. Hao wakitiwa hatiani wafilisiwe mpaka vijiko.

Na huyu wa kwetu je? Laini za simu nchi hii zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Kidole kipo, jina lipo, muamala upo. Sheria ya Makosa ya Mtandao tunayo tangu 2015. Nina RB ya polisi mkononi naambiwa nisubiri. Nisubiri nini, amalize waandishi wote? Ningekuwa hakimu ningemfunga, na humo ndani anakili mswada wangu wote kwa mkono, kurasa zote, na kila kosa la tahajia aanze upya. Na yule "mhasibu" naye, maana laini ni yake na hela ilipita kwake.

Mtaniuliza dalili. Wakala wa kweli anakata chake pesa ikishaingia, hadai kabla. Kodi ya zuio anaikata anayelipa, kule Marekani kwa mtu wa huku ni asilimia 30, lakini inatolewa kwenye malipo yenyewe, hutumi wewe kwa simu. Hakimiliki unayo tangu unapoandika, Tanzania imo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994. ISBN za hapa zinatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, nenda kaulize. Na saa! Alikuwa ananijibu papo hapo saa nne asubuhi, wakati New York ni usiku wa manane. Mengine nitaongeza nikitulia. Namba yao nimeshaituma 15040, kule kwa kuripoti namba za matapeli, nanyi mkiipata itumeni, wachoke.

Nimesikia kuna dada wa Pemba ameandikiwa wiki hii, safari hii wamesifia mashairi yake ya bahari, na wameshamtajia bei ya tafsiri. Dada, simu yako haipatikani. Ukiona hapa usilipe, nipigie hata usiku.