Uzoefu wangu: tumebadilisha websaiti ya kampuni ya visima, simu zimepungua ila kazi zimeongezeka

Anayetaka jibu fupi nampa hapa hapa: dizaina tuliyempa kazi nampa nne kwa tano, na hiyo moja nimeikata kwa sababu nitakazosema huko chini. Ila kama biashara yako ni ile ambayo mteja lazima apige simu kwanza ndo mambo yaende, endelea kusoma, maana kilichotusaidia sisi hakihusiani kabisa na rangi wala logo.

Sisi tunachimba visima Dar na Pwani, mara mojamoja tunafika Morogoro. Kampuni ni ya mzee wangu, mi nashika ofisi, yani simu zote na WhatsApp ya kazi viko kwangu. Websaiti tulikuwa nayo toka zamani, zile za slaidi kubwa zinazopokezana, picha ya wazungu wamevaa helmeti sijui walipigiwa wapi, na maandishi ya "tunatoa suluhisho bora la maji kwa weledi na ubunifu", mtu anasoma mpaka mwisho na bado hajui kama tunachimba visima au tunauza maji ya chupa. Simu zilikuwa zinakuja, tena nyingi, ule mgao wa mwishoni mwa 2022 mto Ruvu ulipopungua na DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, wakaanza kutoa maji kwa ratiba simu ilikuwa haipoi. Lakini simu zenyewe sasa! "Kisima bei gani?" Unamuuliza uko wapi, anakujibu we nitajie bei tu. Ukimtajia makadirio, kimya hadi leo. Mwingine unaongea nae weee, unamweleza mpaka aina za pampu, kumbe hata kiwanja hajanunua, anapiga mahesabu tu. Na vocha ni yako, na muda ni wako, na yule mwenye boma lake Kibamba anayetaka kazi wiki hiyo hiyo akipiga anakuta unatumika.

Huyu dizaina yuko Sinza, wanafanya kazi wawili, jina sitaji maana hajanituma kumtangaza. Nilitegemea atakuja na sampuli nichague, kumbe kabla ya kufungua hata kompyuta akaomba akae ofisini asubuhi moja asikilize navyopokea simu. Halafu nimwonyeshe meseji za WhatsApp, namba za watu tukaziziba. Akaniuliza, dada, hawa waliolipa mpaka kazi ikaisha, meseji yao ya kwanza walisemaje? Hilo swali sijawahi kuulizwa na mtu. Tukaanza kuzisoma moja moja, na aisee zilikuwa zinafanana balaa. Aliyelipa anataja sehemu, anasema kama maji yameshapimwa (yani kuangalia kama chini yapo kabla ya kuchimba) au bado, anasema boma limefika lenta au ameshahamia, na karibu kila mmoja anauliza je mkikuta chumvi inakuwaje. Wengine wako Muscat au Uingereza, wanajenga Kibaha au Kigamboni, aliyeko saiti ni mdogo wake, sasa hao wanaogopa zaidi kutapeliwa kuliko bei kubwa.

Basi websaiti mpya imeandikwa kutokana na hizo meseji. Juu kabisa sentensi moja, tunachimba visima Dar es Salaam na Pwani, chini yake picha ya mtambo wetu wenyewe na vijana wetu wenyewe wamechafuka tope. Kisha bei ya kuanzia kwa mita, imeandikwa wazi, na kilichomo kwenye hiyo bei: kuchimba, mabomba ya kesingi (yale yanayoshikilia kuta za kisima), kokoto, kusafisha kisima mpaka maji yatoke meupe. Na kisichokuwemo pia kimeandikwa, kupima maji, pampu, simtank na mnara wake, kuvuta umeme. Kuna na aya ya kibali, maana watu wengi hawajui kwamba kuchimba kisima kunahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde, kwa Dar ni bonde la Wami/Ruvu, na sheria yenyewe ni ya 2009, sio kitu kimeanza jana.

Pagumu palikuwa kwenye chumvi. Dizaina akataka ukurasa mzima wa maeneo ya karibu na bahari, Kigamboni, Mbezi Beach, huko kote, useme bila kuzunguka kwamba maji ya bahari yanaweza kuwa yameingia kwenye maji ya chini, kwamba kupima kunapunguza hatari ila hakuiondoi, na kwamba tukichimba tukakuta chumvi au pakavu gharama ya kuchimba bado unalipa, pampu ndo huinunui. Mzee akawaka. "Kijana, wewe unanifukuzia wateja hata getini hawajafika." Dogo nae kwa heshima zote, "Shikamoo tena mzee, hao watakaokimbia hapo ndo wale mnaogombana nao kwenye malipo ya mwisho." Mzee hakujibu, akaenda nje kuangalia gari. Ukurasa ukapita. Na leo hii ndo ukurasa ambao wateja wanautaja sana wakipiga, mwingine anaanza kabisa na "nimesoma ile ya chumvi, nataka kupima kwanza", huyo unajua huyu ni mtu wa kazi. Mtu wa Kigamboni akikwambia mbona Kimbiji kuna maji mengi yasiyo na chumvi, unamtumia huo huo ukurasa, umeelezewa kwamba vile visima vya serikali vya huko vimeenda chini sana na mtambo wa kisima cha nyumbani haufiki huko.

Fomu nayo. Kila unapoenda unaambiwa fomu iwe fupi, jina na namba ya simu basi. Huyu akairefusha! Kiwanja kiko wapi, ni cha nyumba au shamba, maji yameshapimwa, gari kubwa linapita mpaka saiti, unategemea kuanza lini. Nyingi ni za kutiki tu, hazichoshi. Wanaojaza ni wachache kuliko zamani, ila ukimpigia mtu aliyejaza yote hayo mnaanzia mbali. Hilo la gari peke yake limetuokoa, maana ilikuwa mtambo unafika Goba huko kwenye vichochoro unakuta kona haikatiki, mafuta yameshaungua. Na kitufe cha WhatsApp ukikibonyeza ujumbe unakuwa umeshaandikwa, mteja anajazia sehemu tu na kutuma, zile "mambo" na "hi" zimepungua sana.

Spidi sitaki kuongea sana, ila inahusu. Google wanataka kile kitu kikubwa kwenye ukurasa kionekane ndani ya sekunde 2.5, ile ya zamani kwenye simu ya mzee ungeweza kwenda kuchota maji kwanza. Picha zilikuwa zimepakiwa zilivyotoka kwenye kamera. Slaidi zikatolewa, picha zikapunguzwa uzito, basi, wala hapakuwa na uchawi.

Sasa ile nyota niliyokata. Alipobadilisha anwani za kurasa hakuelekeza zile za zamani ziende kwenye mpya, kwahiyo mtu akibonyeza linki ya zamani kwenye Google anakuta ukurasa haupo, na tukashuka kwenye matokeo kwa wiki kadhaa mpaka nilivomlalamikia ndo akaziunganisha. Kwa mtu anayejiita mtaalam hiyo kazi ya siku ya kwanza. Wikiendi hapatikani, ukimpigia Jumamosi unaongea na sauti ya mtandao. Na rasimu yake ya Kiswahili ilikuwa ya kwenye risala ya mgeni rasmi, nikaandika upya mwenyewe navyoongea na wateja. Toleo la Kiingereza bado liko nusu mpaka naandika hapa.

Bei ilikuwa chini kidogo ya milioni mbili, tukalipa kwa awamu tatu, ya mwisho baada ya kila kitu kuwa hewani, na hapo nashauri mkomae msilipe yote mwanzo. Cha kuangalia sana kingine ni domeini, yani lile jina la anwani ya websaiti. Ile ya .co.tz yetu aliyetutengenezea mwanzo aliisajili kwa jina lake na imeili yake, kuipata ilikuwa ni kubembelezana mpaka basi, bila ile code (namba ya siri) ya kuhamishia domeini kutoka kwake hatuendi popote. Huyu wa sasa kaiandika kwa jina la kampuni na nywila zote nimepewa. Akaweka na maelezo ya namna tunavyotunza namba za watu wanaojaza fomu, kuna sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ya 2022, na mteja mmoja wa ofisi fulani kweli aliuliza.

Matokeo yake, simu kwa siku zimepungua wazi kabisa, wiki ya kwanza nilipata wasiwasi nikamwambia jamaa umetuulia biashara. Ila kotesheni nazotoa zinajibiwa, na nyingi zinaishia kwenye malipo ya awali. Diaspora wameongezeka hasa, nadhani ni zile picha za kila hatua ya kazi na ile ahadi ya kutuma video mtambo ukiwa unachimba. Sasa hivi dogo anataka tuongeze ukurasa wa visima vya mashamba Mkuranga na Bagamoyo na pampu za sola, mzee kamwambia atulie kwanza, mtambo wa pili bado uko gereji na hawa waliopo tu wanasubiri foleni.