Uzoefu wangu na takometa ya mkononi: miaka mitatu ya kupima mota, pampu na feni

Takometa, yaani kifaa cha kupima kasi ya mzunguko, niliyoinunua miaka mitatu iliyopita bado inafanya kazi vizuri, na sina lalamiko lolote kuhusu usahihi wake. Ninachotaka kueleza zaidi ni namna ya kuitumia, kwa sababu kifaa hiki chenyewe hakina madhara makubwa, lakini kinamsogeza mtu karibu na shafti (mhimili unaozunguka), puli (gurudumu la mkanda) na mikanda ambayo inaweza kumkata kidole kabla hajatambua kilichotokea. Mimi ni fundi wa mota, pampu na feni kubwa za kupitisha hewa, na kupima kasi ya mzunguko ni kazi ninayoifanya karibu kila siku.

Takometa yangu inapima kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya mwanga: unabandika kipande kidogo cha utepe wa kuakisi kwenye kitu kinachozunguka, unakimulika kwa leza nyekundu, na kifaa kinahesabu muda unaopita kati ya mmweko mmoja na unaofuata, kisha kinakupa idadi ya mizunguko kwa dakika. Njia ya pili ni ya kugusa, ambapo unafunga kichwa chenye ncha ya mpira na kuisukuma taratibu katikati ya mwisho wa shafti ili vizunguke pamoja. Kwa mwanga inasoma kuanzia mizunguko 2.5 hadi 99,999 kwa dakika, na maelezo yake yanasema kosa halizidi asilimia 0.05 pamoja na tarakimu moja ya mwisho. Kwa mota inayozunguka mara 1,500 kwa dakika, hilo ni kosa lisilofika mizunguko miwili, na kwa kazi zangu linatosha kabisa.

Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba karibu kazi yote ya kipimo inapaswa kufanywa mashine ikiwa imesimama. Nazima swichi kuu, naweka kufuli langu na ufunguo unabaki mfukoni mwangu, kisha najaribu kuiwasha mashine ili nihakikishe kwamba haiwaki. Baada ya hapo ndipo naifikia shafti, naipangusa mafuta na vumbi, nabandika utepe, na kuchagua mahali nitakaposimama. Kama mashine ina kifuniko cha kinga, natafuta tundu au wavu ambao mwanga wa leza unaweza kupenya, na kifuniko kinarudishwa mahali pake kabla ya kuwasha. Mashine ikishaanza kuzunguka, kinachobaki ni kunyoosha mkono, kubonyeza kitufe na kusoma. Kifaa kinahifadhi kipimo cha mwisho, cha juu na cha chini, kwa hiyo hakuna haja ya kuinamia kioo karibu na mkanda unaokimbia. Unapima, unarudi nyuma hatua mbili, ndipo unasoma kwa utulivu.

Mahali pa kubandika utepe panastahili kufikiriwa zaidi kuliko watu wengi wanavyofanya. Mwanzoni nilikuwa nabandika kwenye ukingo wa puli kwa sababu ni rahisi kuuona, na siku moja kipande kilibanduka na kurushwa ukutani kwa kishindo ambacho sikukitegemea kutoka kwa kitu chepesi namna ile. Nilipopiga hesabu nilielewa. Puli ya kipenyo cha milimita 300 inayozunguka mara 1,450 kwa dakika ina ukingo unaokwenda karibu mita 23 kwa sekunde, na kipande cha utepe kilichobandikwa pale kinavutwa kuelekea nje kwa nguvu inayokaribia mara 350 ya uzito wake. Ukikibandika kipande hichohicho kwenye shafti yenye kipenyo cha milimita 30, nguvu hiyo inapungua hadi kiasi cha mara 35 tu. Tangu siku hiyo nabandika karibu na kitovu kila inapowezekana, nakandamiza utepe kwa kidole gumba hadi kingo zote zishike, na kamwe siisogelei mashine inayozunguka bila miwani ya kinga.

Nguo na mikono nazo zina masharti yake. Navaa mikono ya shati iliyofungwa vifungo au iliyokunjwa juu ya kiwiko, sivai saa wala pete, na kitambulisho chenye kamba nakiacha mezani. Glovu ninazozivaa wakati wa kubeba vyuma nazivua kabla mashine haijawashwa, kwa sababu shafti ikishika uzi mmoja wa glovu inauvuta mkono mzima. Wapo mafundi wanaoshangaa kumwona mtu akivua glovu ili awe salama, lakini karibu na kitu kinachozunguka ndivyo inavyotakiwa.

Tukio lililonishtua kuliko yote halikuhusu takometa moja kwa moja, ingawa lilitokea wakati wa kupima. Tulikuwa kwenye chumba chenye taa za zamani za mirija, zile ambazo kwa umeme wa hezi 50 huwaka na kufifia mara 100 kila sekunde bila jicho kutambua. Mota ilikuwa imetolewa mkanda na ilikuwa ikizunguka bila mzigo, huku puli yake yenye mikono minne ikiwa wazi, na mashine ya jirani ilikuwa ikinguruma kiasi kwamba mlio wa mota hiyo ulimezwa. Kijana anayejifunza ufundi kwangu alikuwa ameshika kipande cha utepe na tayari ameanza kuinama. Akaniuliza, “Fundi, hii si imekaribia kusimama? Niibandike tu?” Niliitazama puli na kweli ilionekana ikijiviringisha polepole kinyumenyume, mzunguko mmoja kwa kiasi cha sekunde saba. Nilimshika bega na kumrudisha nyuma. Utepe wa zamani ulikuwa bado uko kwenye shafti, nikaumulika, na kioo kikaonyesha 1,492.

Maelezo ya jambo hilo ni mepesi, na ningependa kila mwanafunzi wa ufundi ayajue kabla hajashika takometa. Puli yenye mikono minne ikizunguka mara 1,500 kwa dakika, mkono mmoja unachukua nafasi ya mwenzake mara 100 kila sekunde, sawasawa na mimweko ya taa, na jicho linaona puli imesimama. Ikipungua kidogo tu chini ya hapo, inaonekana ikirudi nyuma taratibu. Kwa hiyo jicho si shahidi wa kutegemewa katika suala la kitu kusimama. Shahidi ni kufuli kwenye swichi na shafti inayozungushwa kwa mkono baada ya kufuli kufungwa. Kosa la siku ile lilikuwa langu, kwa kuwa niliacha puli wazi na mota ikiwa inawaka, na nimelibeba hivyo.

Taa hizohizo zinaweza pia kuidanganya takometa. Ukielekeza yangu kwenye taa ya mrija bila kuwa na kitu chochote kinachozunguka, inasoma karibu 6,000, yaani mimweko 100 kwa sekunde mara sekunde 60. Nikipata namba iliyo karibu sana na 6,000 kwenye mashine ambayo haipaswi kwenda hivyo, najua kwamba nimepima taa, na dawa yake ni kutia kivuli kwa mwili wangu au kusogea karibu kidogo. Upande wa pili, hali hiyo imenipa njia ya bure ya kukagua kifaa: kila kinapoanguka au kikikaa muda mrefu bila kutumika, nakielekeza kwenye taa ile, na kikisoma kati ya 5,990 na 6,010 naendelea na kazi kwa amani.

Namba zinazopotosha hutoka pia kwenye shafti yenyewe. Pampu moja ilikuwa na kibati kinachosema mizunguko 1,450, lakini takometa ilionyesha 2,912, halafu 1,456, halafu tena 2,912. Mwenye pampu alianza kuamini kwamba mota imebadilishwa. Tulipoizima na kuikagua, tuliona ukingo wa mfereji wa kabari, yaani mchongo kwenye shafti unaowekwa kipande cha chuma cha kuizuia puli isiteleze, uking’aa kwa sababu ulikuwa umekwanguliwa, nao ulikuwa ukirudisha mwanga kama utepe wa pili. Tuliupaka wino mweusi mzito usiong’aa, na kipimo kikatulia kwenye 1,456. Hapo ndipo inapofaa kujua namba unayoitarajia kabla ya kupima: kwa umeme wa hezi 50, mota ya kawaida ya ncha nne za sumaku ina kasi ya msingi ya 1,500, ya ncha mbili 3,000 na ya ncha sita 1,000, na ikiwa na mzigo huteleza chini ya hapo kwa asilimia chache. Ukiona namba iliyo mara mbili au mara tatu ya unayoitarajia, hesabu vitu vinavyong’aa. Shafti iliyosuguliwa hadi ikang’aa yote inasumbua zaidi, na kwa hiyo nashika kifaa kwa kukiinamisha kiasi cha nyuzi 15 hadi 30 badala ya kukielekeza wima, ili mng’ao wa chuma uende kwingine na ule wa utepe pekee urudi.

Kuhusu njia ya kugusa, nitasema wazi kwamba siipendi, ingawa nimeitumia mara nyingi. Ncha ya mpira inahitaji kukaa katika mstari mmoja na shafti, na ukiisukuma kwa ulegevu inateleza na kusoma chini ya kasi halisi, ukiikandamiza sana unaulemea mpira na kuukaribisha mkono kuteleza. Mwaka wa kwanza niliisukuma kwenye shafti ya pampu ambayo tundu lake la katikati lilikuwa limejaa grisi. Ncha ilipanda nje ya tundu, kifaa kikapinda kiganjani na kuruka, na kifundo cha mkono wangu kikapita upana wa vidole viwili kutoka kwenye boliti za kiunganishi zilizokuwa zikizunguka. Sikuumia. Lakini kichwa hicho cha kugusa kina urefu wa sentimita chache tu, na ningewaomba watengenezaji watoe chenye shingo ndefu zaidi, kwa sababu kila sentimita inayoongezwa ni umbali kati ya vidole na chuma.

Mahali ninapokitumia bado ni kwenye mikanda ya kusafirishia mizigo inayokwenda polepole, ambapo nafunga gurudumu dogo lenye mzingo wa sentimita 10 na kupima kasi ya uso wa mkanda wenyewe. Hata hapo naweka gurudumu upande ambao mkanda unatoka kwenye puli, kamwe si upande unaoingia, kwa sababu upande unaoingia unavuta kila unachokigusa.

Kwa mashine ya kunolea, njia ni mwanga tu. Jiwe la kipenyo cha milimita 200 linalozunguka mara 2,900 kwa dakika lina ukingo unaokwenda mita 30 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na jiwe lenye ufa likipasuka vipande vyake huruka kwa kasi hiyo. Nabandika utepe kwenye nati au kwenye kisahani kinachobana jiwe, nasimama pembeni na wala si mbele ya jiwe, naiacha izunguke yenyewe kwa dakika moja, ndipo napima. Kasi iliyoandikwa kwenye jiwe ni kikomo; kipimo kikiizidi, jiwe linatoka siku hiyohiyo.

Leza yenyewe ni ya daraja la 2, chini ya miliwati 1, na kope hufumba zenyewe ndani ya robo sekunde mwanga ukiingia jichoni. Kinga hiyo inategemea mtu asishindane nayo kwa makusudi, kwa hiyo siitazami leza, simwelekezei mtu, na sikiachi kifaa mezani watoto wanapokuwepo.

Kasoro ninazoziona kwenye kifaa hiki ni mbili zaidi. Karatasi ya maelezo inataja leza peke yake kama hatari, wala haina hata sentensi moja kuhusu nguo, vifuniko vya kinga au kuzima swichi kuu, na hilo ni pengo kubwa kwa kifaa kinachouzwa kwa yeyote. Utepe uliokuja nacho nao ulitosha vipimo visivyozidi ishirini, nikalazimika kununua mwingine mapema. Betri nazitoa kila ninapojua sitakitumia kwa wiki kadhaa, maana zikivuja zinaharibu sehemu za mguso, na zikichoka leza hufifia na namba huanza kurukaruka.

Utepe mpya sasa anaukata yule kijana. Hukata vipande vya sentimita moja kabla ya kazi kuanza, na sijamwona tena akibandua karatasi ya nyuma kabla hajaizungusha shafti kwa mkono wake.